Maswali ya Wasomaji: Inspekta Chen na Shanghai Yake

Barua kuhusu riwaya za Inspekta Chen Cao zimetufikia kwa wingi, kwa hiyo toleo hili tunazijibu kwa mkupuo. Kwa ambaye hajakutana naye: Chen ni mpelelezi wa polisi mjini Shanghai, mshairi, tena mfasiri wa riwaya za upelelezi kutoka nje. Aliyemuumba, Qiu Xiaolong, alizaliwa Shanghai mwaka 1953. Mwaka 1988 alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya utafiti juu ya mshairi T. S. Eliot. Mwaka uliofuata yakatokea ya Tiananmen, Beijing, ambako jeshi lilizima maandamano kwa risasi, naye akabaki huko huko. Riwaya hizi anaziandika kwa Kiingereza.

Vitabu ni vingi. Nianze na kipi, na je, lazima nifuate mpangilio? (Msomaji, Tanga)

Anza na Death of a Red Heroine, cha mwaka 2000, kilichopata Anthony, tuzo ya vitabu vya upelelezi, kama riwaya bora ya kwanza. Ni mwaka 1990. Mwili wa mwanamke umeopolewa mferejini nje ya mji, ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Marehemu ni Guan Hongying, muuza vipodozi katika duka kubwa la serikali, lakini pia ni mfanyakazi wa mfano wa taifa: picha yake imetoka magazetini, jina lake limetajwa mikutanoni. Hapo ndipo kesi inapoanza kuwa nzito.

Kitabu kina kurasa zaidi ya 400 na kinakwenda taratibu. Wengi wanakitupa katika sura za mwanzo kwa kuwa wanangoja mbio za magari. Usingoje. Ukimaliza hicho, soma A Loyal Character Dancer (2002) na When Red Is Black (2004). Baada ya hivyo vitatu unaweza kurukaruka, isipokuwa Shanghai Redemption (2015): huko Chen anavuliwa cheo tangu mwanzo, na kama hukumwona akikipanda hutaona uchungu wa kukipoteza. Jihadhari pia na Becoming Inspector Chen. Jina linakushawishi kuwa ndicho cha kwanza, kumbe ni kitabu cha kutazama nyuma, na utamu wake ni kwa anayemjua Chen tayari.

Mimi nasoma kwa Kifaransa. Nimenunua kitabu chenye neno «danseuse» nikidhani ni cha pili, hadithi haiungani kabisa. (Msomaji, Bujumbura)

Umenunua La Danseuse de Mao, ambacho kwa Kiingereza ni The Mao Case cha mwaka 2009. Kile cha pili, chenye mcheza ngoma katika jina lake la Kiingereza, kwa Kifaransa kinaitwa Visa pour Shanghai. Wafaransa wamebadilisha majina karibu yote: When Red Is Black ni Encres de Shanghai, Red Mandarin Dress ni De soie et de sang, Enigma of China ni Cyber China. Miaka nayo haikusaidii, maana baadhi ya vitabu vya karibuni vilitoka Paris kabla ya kutoka kwa Kiingereza. Dawa ni moja: fungua kurasa za mwanzo, palipoandikwa habari za uchapishaji, utafute jina la asili la Kiingereza. Usitegemee jalada.

Kila Chen akikaribia ukweli, katibu wa chama anaingilia. Hivi mkubwa wa polisi ni nani pale? Na mbona muuaji nilishamjua kabla ya nusu ya kitabu? (Msomaji, Nairobi)

Maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Katika ofisi ya umma ya China kuna ngazi mbili zinazokwenda sambamba, ya utawala na ya chama, yaani Chama cha Kikomunisti, na neno la mwisho ni la chama. Ndiyo maana Katibu Li, katibu wa chama pale polisi, ambaye hatumwoni akikagua hata tone la damu, ndiye anayempa Chen kesi na ndiye anayeweza kumnyang'anya. Polisi wanachunguza, ofisi ya mashtaka inaidhinisha kukamatwa na inashtaki, mahakama inahukumu. Juu ya wote watatu ipo kamati ya chama ya siasa na sheria. Kikosi cha Chen ni cha kesi maalumu, yaani zile zenye siasa ndani yake, hivyo Li hawezi kukaa mbali.

Mshukiwa akiwa mwanachama mwenye cheo, hasa kwa rushwa, wa kwanza kumshika si polisi. Ni kamati ya nidhamu ya chama. Katika vitabu vingi utakutana na neno shuanggui: mtu anaamriwa kufika mahali fulani kwa muda fulani ajieleze, na mara nyingi mahali penyewe ni chumba cha hoteli au nyumba ya wageni. Wakili hakuna. Mwaka 2018 utaratibu huo ulibadilishwa na mwingine uitwao liuzhi, chini ya tume ya usimamizi ya taifa. Kwa hiyo ukisoma hadithi ya miaka ya 1990, usiulize familia ya aliyechukuliwa mbona haiendi kituoni kumwekea dhamana.

Sasa kuhusu muuaji. Katika kitabu cha kwanza mwandishi hamfichi sana, nasi hatutamtaja. Ukimjua mapema hukukosea, wala mwandishi hakushindwa kazi. Kinachobaki ni kama mtoto wa kigogo atafikishwa mahakamani au faili litafungwa, na kama akifikishwa, ni kwa sababu aliua au kwa sababu kwa wakati huo anafaa kuwa mfano. Soma ukiwa na maswali haya: Chen amepewa kesi na nani, baada ya nani kupiga simu? Baba wa mshukiwa ni nani, bado yuko madarakani au amelazwa hospitali? Gazeti la leo limetangaza kampeni gani? Anayehesabu alama za vidole tu atachoka.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kasi ya adhabu. Tangu 1983 hadi mwisho wa 2006, mahakama kuu za mikoa zilikuwa zimekasimiwa uwezo wa kuidhinisha zenyewe hukumu ya kifo kwa makosa kama mauaji. Tarehe 1 Januari 2007 uwezo huo ulirudi Mahakama ya Juu ya Watu, Beijing. Riwaya za mwanzo ziko upande wa kabla ya tarehe hiyo.

Mwandishi anatumia kurasa nyingi mno kueleza vyumba, ngazi na majiko. Kuna ubaya nikiviruka? (Msomaji, Unguja)

Upo. Ushahidi mwingi umefichwa humo, na sababu za watu kuchukiana pia.

Hadi mwaka 1998, watu wengi wa mijini China walipata nyumba kupitia mahali pao pa kazi. Kodi ilikuwa ndogo, foleni ilikuwa ya miaka. Kamati ya nyumba kazini ilikuwa na orodha: miaka ya utumishi, ndoa, idadi ya watoto, cheo. Kitabu cha kwanza kinapoanza Chen ni kapera, hajakaa sana kazini, na amekwisha kupewa nyumba yake mwenyewe. Msaidizi wake, Yu Guangming, ana mke na mtoto, alipelekwa Yunnan ujanani pamoja na vijana wengine wa mijini waliotumwa vijijini wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na bado anabanana na familia yake katika chumba kimoja ubavuni mwa chumba cha baba yake. Ukiruka habari ya vyumba utadhani Yu ana kijiba cha roho tu.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Shikumen ni nyumba za vichochoroni za Shanghai, zilizoanza kujengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19: fremu ya mlango ya jiwe, ua mdogo ndani, ghorofa mbili au tatu. Zilijengwa kwa familia moja moja. Baadaye zikagawanywa mpaka nyumba moja ikawa na familia kumi au zaidi. Chumba cha kukitazama ni tingzijian, kile kidogo kilicho juu ya jiko, pale ngazi inapokata kona. Dari iko chini, dirisha linatazama kaskazini, jua haliingii. Kiangazi joto la jiko linapanda humo, kipupwe baridi inakitafuna. Kodi yake ilikuwa nafuu, ndiyo maana walimu na waandishi waliishia humo.

Chini, jiko ni la wote. Majiko ya makaa yamepangwa ukutani, kila familia na lake, na kila familia ina balbu yake na swichi yake ili bili zisichanganyike. Jirani anajua umewasha saa ngapi, umepika nini, na nani amepita kwenda juu. Katika When Red Is Black mwandishi wa kike anauawa ndani ya tingzijian, na Yu, anayeongoza upelelezi huo, kazi yake kubwa ni kupanga nani alikuwa jikoni, nani uani, nani mlangoni, dakika kwa dakika. Chukua karatasi uchore nyumba: mlango wa mbele, mlango wa nyuma, jiko, ngazi. Kesi itafunguka yenyewe. Na yule mama wa kamati ya mtaa anayejua kila kitu, msomaji wa Tanzania atamtambua mara moja: ni balozi wa nyumba kumi, ila huyu ana ofisi.

Haya mambo ni ya kweli au ya kubuni? (Msomaji, Muscat)

Uuaji ni wa kubuni, mazingira mara nyingi si ya kubuni. Mwishoni mwa Mei 2007 mwani ulifunika sehemu ya Ziwa Tai, maji ya bomba mjini Wuxi yakanuka, na watu wapatao milioni 2 wakakosa maji ya kunywa. Don't Cry, Tai Lake (2012) kinakaa ufukweni mwa ziwa hilo, kikiwa na kiwanda kinachomwaga uchafu. Desemba 2008, ofisa wa nyumba wa wilaya moja ya Nanjing, Zhou Jiugeng, alionekana katika picha ya mkutano akiwa na pakiti ya sigara za bei mbaya. Watu wa mtandaoni wakachimba, wakaona na saa ya mkononi, na mwaka 2009 akafungwa miaka 11 kwa rushwa. Ukifungua Enigma of China (2013) utaikuta pakiti ya sigara. Shanghai Redemption nacho kinanusa kashfa ya Bo Xilai, aliyekuwa katibu wa chama wa Chongqing, aliyefungwa maisha mwaka 2013. Majina, miji na vifo vimebadilishwa, kwa hiyo usikitumie kitabu kama ushahidi kwenye mabishano.

Kitu kimoja si cha kweli hata kidogo: cheo cha Chen, Inspekta Mkuu. Polisi wa China walipata mfumo wao wa vyeo kwa sheria ya mwaka 1992, vyeo 13 katika madaraja matano, na hicho hakimo. Ni vazi alilovishwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza.

Majina yananichanganya. (Msomaji, Mwanza)

Ukoo hutangulia: Chen ni ukoo, Cao ni jina lake. Kwa hiyo maktabani mtafute mwandishi kwenye Q. Kwa matamshi ya kukaribia, Q isome «ch», X isome «sh», Zh isome «j», C isome «ts». Andika majina sita ya mwanzo na kazi zao nyuma ya jalada. Wengi watarudi katika vitabu vinavyofuata.

Nimemuuliza mwenzangu wa kazini kutoka China, hamjui Chen kabisa. (Msomaji, Kampala)

Si ajabu. Vitabu vya mwanzo vilitafsiriwa Kichina, lakini katika tafsiri hizo Shanghai iligeuzwa kuwa «mji wa H», na mitaa ikabadilishwa ili isitambulike. The Mao Case, kinachogusa maisha ya faragha ya Mwenyekiti Mao, hakikuchapishwa kule.

Ukitaka mwandishi anayeishi na kufanya kazi ndani ya China, mtafute He Jiahong, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Renmin, Beijing. Shujaa wake ni wakili, Hong Jun, na kitabu cha kuanzia kwa Kiingereza ni Hanging Devils. Ushahidi na taratibu za mahakama anavieleza kwa undani kuliko Qiu. Mashairi ya kale ya enzi ya Tang, yanayomtoka Chen hata mezani mbele ya sahani ya kaa, kwake usiyatafute.