Kabla ya kununua tripodi, piga magoti

Ua lenyewe lilikuwa limeota kwenye ufa wa mwamba, sentimita 20 hivi kutoka ardhini, kando ya kijito ndani ya msitu wa Amani. Ni lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo watu wa nchi za baridi hulilea kwenye vyungu madirishani, wengi wao bila kujua kwamba kwao hasa ni huku, kwenye milima ya Usambara na maeneo ya jirani. Jina lake la Saintpaulia lilitokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa enzi za ukoloni. Nilikuwa nimelitafuta siku mbili. Nikafungua tripodi, ile miguu mitatu ya kuwekea kamera, nikaisambaza, ikagoma nusu mita juu ya ardhi.

Ilikuwa ya zile zenye vijiti vinavyounganisha miguu na nguzo ya katikati. Vijiti vile huifanya ionekane imara dukani, lakini ndivyo vinavyozuia miguu isilale. Nikachomoa nguzo, nikaigeuza juu chini, kamera ikaning'inia katikati ya miguu huku vitufe vyote vikiwa vimepinduka. Hata hapo, kila nilipokaza kichwa, yaani sehemu ya tripodi inayoshika kamera, na kuachia mkono, kamera ilisinzia. Ua lililokuwa katikati ya picha lilipanda juu, na ukali uliokuwa kwenye vifuko vya chavua ukahamia kwenye jani. Mzee aliyenipeleka alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, ua halikimbii," alisema. "Hicho chuma chako ndicho kinachokimbia."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimenunua tripodi kwa kuangalia urefu wake na kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Tangu hapo kila anayeniomba ushauri namwambia aanze na maswali mawili: inashuka hadi wapi, na kichwa kinabaki pale ulipokiacha?

Kilo za kwenye boksi zisikubabaishe. Muuzaji wangu aliniambia, "Kaka, hii inabeba kilo 8," na labda ni kweli, maana ukiweka kilo 8 juu yake haivunjiki. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanafuata, na kubeba mzigo si sawa na kuutuliza. Kamera yangu na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, havifiki kilo 2, na bado vilisinzia.

Kwenye makro kusinzia huko ni balaa kwa sababu nafasi ni finyu mno. Ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, kwa tundu la lenzi la f/11 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa, sehemu inayoonekana kali ni kama milimita 1.3 tu. Kichwa kikishuka nusu milimita, unaweza kupoteza jicho la mdudu. Kwenye mandhari, kichwa hichohicho kikishuka kiasi hicho huenda usigundue kamwe. Ndiyo maana nasema nunua kwa ajili ya makro, na mandhari itafaidika. Ukinunua kwa ajili ya mandhari peke yake, makro itakuumbua.

Basi dukani nenda na kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote. Usione haya. Funga kamera, iinamishe kama nyuzi 45, lenga alama moja ukutani, kaza, halafu achia mkono huku ukiangalia kwenye kioo cha kamera. Alama ikihama, rudisha kichwa hicho kwenye rafu. Kisha fungua miguu mpaka mwisho, bonyeza sehemu ya juu kwa kiganja, zungusha kidogo kulia na kushoto. Mwisho piga magoti palepale sakafuni, ilaze tripodi chini kabisa, uone kama unaweza kuifanyia kazi. Duka moja Kariakoo walinishangaa, lakini muuzaji mwenyewe aliishia kunishikia mkoba.

Kuhusu miguu, tafuta ambayo kila mmoja unafunguka kwa pembe yake bila kutegemea wenzake, na ambayo nguzo ya kati inatoka kabisa au haipo tangu mwanzo. Nguzo ikipandishwa juu ni sawa na kuweka kamera kwenye fimbo moja baada ya kugharamia miguu mitatu. Mimi siipandishi. Vipande vitatu kwa kila mguu huwa imara kuliko vinne vya bei hiyohiyo, kwa sababu kila kipande cha chini ni chembamba kuliko cha juu yake. Vinne vina faida kwa anayesafiri kwa basi na begi dogo. Kaboni ni nyepesi na haikugandishi vidole alfajiri ya Lushoto, lakini kama fedha haitoshi, alumini nzuri iliyotumika ni bora mara nyingi kuliko kaboni ya bei ya kutupa. Alumini nzito tena hutulia vizuri kwenye upepo.

Na upepo ninaujua. Pale Irente, mwamba unapokatika ghafla na tambarare ya Mkomazi kulala chini yako, jioni upepo hupanda kutoka bondeni kama unasukumwa. Hapo sisimami wima. Naacha vipande vyembamba vikiwa vimefungwa, natumia vile vinene vya juu, nakaa chini nyuma ya kamera, na mkoba nautundika chini ya tripodi ukigusa ardhi kidogo usije ukabembea. Kamba ya shingoni naiondoa, maana inapepea kama bendera na kutikisa kila kitu. Kama lenzi yako ni ya zamani na ina kidhibiti cha mtikisiko, kizime. Baadhi yake hutafuta mtikisiko ambao haupo na kuleta ukungu kwenye picha. Shata, kile kilango kinachofunguka kupiga picha, naiachia kwa kuchelewesha sekunde 2, au kwa waya.

Sasa kichwa. Kwa mandhari, kichwa cha gololi kinatosha kabisa: unalegeza kitufe kimoja, unalenga, unakaza. Kwa makro kinachosha, kwa sababu ukilegeza ili kurekebisha upande mmoja, pande zote zinalegea pamoja. Niliteseka nacho miaka miwili kabla sijapata kichwa cha gia, ambacho unazungusha kishikio na kamera inasogea polepole kwa mwelekeo mmoja tu, kisha inabaki hapo bila kukazwa. Kina uzito wa zaidi ya kilo moja na mlimani nauhisi begani. Bado ndicho ninachobeba. Asiyekimudu achukue kichwa cha mikono mitatu, ambacho kila mwelekeo una mkono wake. Watu wanakidharau kwa kuwa kinaonekana cha kizamani, lakini kwa maua, uyoga na kuvu za kwenye magogo kinashinda gololi ya bei mara mbili yake.

Hakikisha kichwa kinafunguka kutoka kwenye miguu. Skrubu ya kwenye kamera kwa kawaida ni ya robo inchi, na ile ya kati ya miguu na kichwa mara nyingi ni ya 3/8. Ikiwa kichwa kimegandishwa kwenye miguu, siku kitakapochoka utatupa vyote. Chagua pia bamba la kushikiza kamera kwenye kichwa, la mtindo wa Arca-Swiss, kwani kampuni nyingi hutengeneza vifaa vya mtindo huo. Baadaye ukiongeza bamba la L la kupigia picha wima, au reli ya kusogeza kamera mbele kidogo kidogo, vitakaa bila kubadilisha kitu.

Baharini sheria yangu ya miguu inageuka. Pangani, maji yanapokupwa, navuta nje kipande chembamba cha chini kwanza ili viungo vikae juu ya maji ya chumvi. Nakandamiza miguu mchangani kabla ya kulenga, maana kila wimbi linachimba chini yake. Nikirudi nafungua viungo, naosha kwa maji yasiyo na chumvi, naanika kivulini. Punje chache za mchanga ndani ya kiungo husaga kila unapokaza.

Vipepeo wa mchana usiwasubirie na tripodi, wataondoka. Ila kereng'ende wa alfajiri, akiwa bado na umande mbawani na baridi haijamtoka, atakuvumilia hata dakika kumi.

Nilirudi Amani mvua zilipopungua. Tripodi ililala chini mpaka tumbo langu likalowa, nikazungusha gia mara mbili, nikaachia shata kwa nusu sekunde, na vifuko vile vya njano vya chavua vikatoka vikali. Ukienda, tafuta mwenyeji akuongoze, na uangalie kila mguu wa tripodi unakotua. Maua yale huota kwenye nyufa zenye udongo wa kujaza kiganja tu, na mche mchanga ni mdogo kuliko kucha.