Mzee nyumbani na njiani: maswali yenu, majibu yetu

*Mama ana miaka 78, anakaa ghorofa ya pili Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Fundi alimfungia mkono wa ngazi, haukumaliza mwezi ukang'oka na skrubu zake. Ndugu zangu wanasema tumhamishie Fuoni, nje ya mji, kabla hajaanguka.*

Mkono hauna kosa, ukuta ndio wa kutazamwa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Plagi ya plastiki ikikazwa humo, chokaa husagika na skrubu hubaki inacheza. Wengi hukimbilia kuziba kwa saruji; hapo wanaharibu zaidi, maana saruji hufungia unyevu ndani na plasta huja ikabanduka.

Tumieni ubao mgumu, upana sentimita 15 na unene 4, ulale kufuata mwinuko wa ngazi. Ufungwe kila sentimita 40 kwa boliti ndefu zinazotokeza upande wa pili wa ukuta na kukazwa juu ya bamba la chuma. Uzito ukigawanyika hivyo, hakuna jiwe moja linalobeba wote. Mkono wenyewe uwe wa duara, unene sentimita 4, kimo cha 85 hadi 95 kutoka ncha ya kipandio, na nafasi ya 5 kutoka ukutani ili vidole vipite. Uendelee sentimita 30 kupita kipandio cha mwisho, kwani wengi huanguka wakidhani wameshafika chini. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Upepo wa bahari hauna huruma.

Pakeni ncha za vipandio mstari mweupe, na taa iwe na swichi juu na chini. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaoingia jicho la kijana wa 20. Kabla ya kutoboa, pateni ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi, kwa kuwa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Na Fuoni? Barua yako nzima hatukuona pahala mama alipoulizwa. Jirani zake, msikiti wake na duka analolijua viko Malindi.

*Baba yuko Wete, akichuchumaa chooni hanyanyuki tena. Tumemtobolea kiti cha plastiki.*

Kitoeni leo. Miguu ya kiti hicho hutanuka sakafu ikirowa, na tundu limeshaukata uti wake. Mwambieni seremala atengeneze kiti cha mbao chenye mikono miwili, miguu iliyoungwa kwa mataruma chini, kimo sentimita 45 hadi 48, na mipira miguuni. Kikae juu ya tundu la choo. Ndoo na kopo zipande juu ya kistuli, asiiname. Mlango ufunguke kwa nje: akianguka nyuma ya mlango wa kusukuma ndani, mwili wake ndio utakaowazuia kuingia. Vigae vinavyong'aa tusivizungumze. Saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio inatosha.

*Mlangoni tuna vipandio vitatu, jumla sentimita 45. Fundi anasema mteremko wa mita mbili utatosha kiti cha magurudumu.*

Hautoshi. Kila sentimita moja ya kimo inataka 12 za urefu, kwa hiyo 45 zinataka mita 5.4. Kwa mita mbili kiti kinaweza kupinduka kwa nyuma. Upana usipungue sentimita 90, kingo ziinuke kidogo gurudumu lisitoke, na mbele ya mlango pawe sawa kwa mita moja na nusu. Uwanja ukiwa mfupi, mteremko ukunjwe kona na hapo pawe na pa kupumzika. Ila kama mzee anatembea kwa bakora, vipandio vya sentimita 15 vyenye mikono pande mbili ni salama kuliko mteremko mkali.

*Utingo akiona mzee kituoni anagonga bati, gari inapita. Huu nao ni ubaguzi?*

Ndio. Ni ubaguzi wa umri; daktari Mmarekani, Robert Butler, aliupa jina la Kiingereza, ageism, mwaka 1969. Kwetu hujificha nyuma ya shikamoo: mzee anaamkiwa vizuri, kisha dereva anaondoa gari hajakaa.

*Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, anataka viti vya kupumzikia njiani. Vya aina gani?*

Shirika la Afya Duniani lilipowauliza wazee wa miji 33 kwa mwongozo wake wa 2007, pa kukaa njiani palitajwa sana. Sisi tuna baraza tayari, yale makalio ya mawe mbele ya nyumba. Pimeni zile zilizoachwa chini njia ilipoinuliwa: ikiwa chini ya sentimita 40, wekeni ubao juu ifike 45. Viti vipya viwe na mgongo na mikono ya kujiinulia, kivulini, kila mita 100 au pungufu. Na vespa zisiegeshwe mbele yake.