Mbwa mwitu akitolewa kwenye ulinzi, angalia anapokelewa na nani

Wadogo zangu mnaokuja kusoma mambo ya wanyamapori huku Marekani, hasa nyie mliotoka vyuo vya Mweka na SUA mkaangukia Montana, Idaho au Wisconsin, hili suala la mbwa mwitu wa kijivu (gray wolf, siyo mbwa mwitu wetu wa Afrika) mtakutana nalo mapema sana, na mtaulizwa mko upande gani kabla hata hamjajua maabara iko wapi. Msijibu haraka. Kuna wanaodhani mnyama akitolewa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka basi imetangazwa auawe, na kuna wanaodhani ni cheti kwamba kapona moja kwa moja, na wote mtawasikia wakiongea kwa uhakika mkubwa. Kisheria ni makabidhiano tu, serikali kuu inamwachia jimbo. Kwahiyo swali la maana ni jimbo linampokea kwa sheria gani, kota gani (idadi ya juu inayoruhusiwa kuuawa), na nani ana mamlaka ya kufunga uwindaji mambo yakiharibika.

Anzeni na sheria yenyewe ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka (Endangered Species Act), ile ya 1973, someni kwa macho yenu msitegemee slaidi za darasani. Inataja mambo matano ya kuangalia kabla ya kumweka au kumtoa mnyama: makazi yake, kuvunwa kupita kiasi, magonjwa na kuliwa na wanyama wengine, sheria zilizopo kama zinatosha kumlinda, na vitisho vingine vya asili au vya binadamu. Hiyo ya nne ndo imesumbua sana kwa mbwa mwitu. Unaweza kuwa na wanyama wa kutosha kabisa na bado ukashindwa mahakamani kwa sababu sheria za jimbo linalowapokea hazieleweki.

Mfano mzuri ni milima ya Rocky. Mwaka 1995 na 1996 waliletwa mbwa mwitu kutoka Kanada, 31 wakaachiwa Yellowstone na 35 katikati ya Idaho. Lengo lilikuwa jozi 30 zinazozaa na wanyama 300 kwa Montana, Idaho na Wyoming, kwa miaka mitatu mfululizo, na lengo hilo lilifikiwa 2002. Mtu akisikia hivo anasema sasa tatizo nini, si wangetolewa tu. Wyoming ilitaka sehemu kubwa ya jimbo mbwa mwitu ahesabiwe mnyama mharibifu tu, anauawa muda wowote bila leseni. Walipotolewa 2008 jaji akasimamisha miezi michache baadae. 2009 wakatolewa tena Montana na Idaho, Wyoming ikaachwa nje, na 2010 jaji huyo huyo akasema sheria hairuhusu kuikata idadi moja ya wanyama kwa kufuata mipaka ya majimbo. Mwisho wake Kongresi yenyewe ikaingilia kati, Aprili 2011 wakachomeka kifungu ndani ya muswada wa bajeti, wakaagiza watolewe na wakazuia uamuzi huo usipelekwe mahakamani. Wyoming ikasubiri hadi 2012 ndo ikatolewa, ikarudishwa kwenye ulinzi 2014, ikatolewa tena 2017. Mimi bado naamini ile njia ya 2011 ilileta madhara, maana wafugaji wakajifunza kwamba mambo haya yanamalizwa na wanasiasa, na wapenzi wa wanyama wakajifunza hivo hivo, ndo maana mkienda kwenye mikutano ya vijijini huko mtakuta kila mtu ameshikilia msimamo wake na hakuna anayemsikiliza mtaalamu.

Kingine msome kwa utulivu ni Wisconsin, Februari 2021, maana pale pamejaa mafunzo kuliko vitabu vingi. Ulinzi wa serikali kuu ulikuwa umeondoka mwezi Januari. Jimbo lina sheria inayolazimisha kuwe na msimu wa kuwinda pale mbwa mwitu anapotoka kwenye orodha, na idara ya wanyamapori ilitaka kusubiri hadi Novemba ijipange, lakini kundi moja la wawindaji likaenda mahakamani na jaji akaamuru msimu ufunguliwe mwezi huo huo. Kota ilikuwa 200, na 81 kati ya hizo ni haki ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kwa mikataba yao ya zamani na serikali, wao mbwa mwitu wanamhesabu kama ndugu kwahiyo hawakumuwinda, zikabaki 119 kwa wawindaji wenye leseni za jimbo. Wakauawa 218 ndani ya siku zisizofika tatu. Angalieni ilivyotokea: theluji mbichi inayoonyesha nyayo, mbwa wa kuwindia wanaruhusiwa, leseni nyingi, halafu sheria inataka watu wapewe taarifa masaa 24 kabla ya kufunga. Na ilikuwa majira ya kupandana. Yaani hata meneja mzuri namna gani, kwa kanuni zile asingeweza kuzuia. Mwaka mmoja baadae, Februari 2022, jaji wa California akarudisha ulinzi sehemu kubwa ya nchi, ila ile milima ya Rocky ya kaskazini ikabaki nje.

Sasa mkiletewa takwimu, msichukue namba bila kuuliza imepatikanaje. Kuna kuhesabu wanyama wenyewe kwa kola za redio na ndege ndogo wakati wa baridi, hapo unapata idadi ya chini kabisa ya wanaojulikana. Wisconsin kwa miaka mingi walitumia watu wa kujitolea kufuata nyayo kwenye theluji. Montana wanatumia modeli inayoanzia kwenye taarifa za wawindaji wa elki na kulungu (deer) wanaosema walikowaona mbwa mwitu. Zote ni kazi halali, ila huwezi kuchukua idadi ya chini ya mwaka huu ukailinganisha na makadirio ya modeli ya miaka kumi baadae halafu ukasema wameongezeka mara mbili. Nimeona mabishano marefu sana yameanzia hapo tu.

Kuhusu wafugaji, naomba mniamini, nendeni mkawasikilize ranchini kwao, hasa msimu wa ndama kuzaliwa. Sisi tumekua na habari za simba na fisi wanaoingia bomani kwahiyo hili hatulihitaji nadharia, tunalijua. Na huku kuna fidia, kama kile kifuta jasho cha kwetu, ila inataka ushahidi: mkaguzi anamchuna ng'ombe aliyekufa akitafuta damu iliyovilia chini ya ngozi palipoumwa, maana hiyo inaonyesha aliumwa akiwa hai. Mzoga ukikutwa umeshaliwa wote, mfugaji mara nyingi hapati kitu, na hapo hasira inapoanzia huwezi kuizima kwa grafu. Mtaona pia kamba zenye vitambaa vyekundu zimezungushwa malishoni, zinasaidia wiki kadhaa halafu mbwa mwitu wanazizoea, wapanda farasi wanaolala na mifugo, na kuzika mizoga isivute wanyama. Boma hai za Simanjiro, yale mazizi yenye uzio wa miti hai na waya, ziongeleeni darasani, wenzenu watataka kujua, ingawa malisho ya huku ni makubwa mno na ng'ombe hawarudi zizini usiku, kwahiyo msiahidi kwamba zitafanya kazi.

Mkipewa nafasi ya kuchagua mada ya utafiti, fikirieni kipindi cha baada ya kutolewa. Sheria inadai ufuatiliaji usiopungua miaka mitano, kwa Montana na Idaho ulianza 2011 ukaisha 2016, Wyoming wakaanza wa kwao 2017, na ripoti za kila mwaka mnaweza kuzipakua bure. Fungueni kwanza sehemu ya vifo, muone wangapi waliuawa kwa leseni, wangapi na serikali baada ya kushambulia mifugo, halafu muangalie ni majimbo gani yamebadilisha kanuni zake baada ya ufuatiliaji huo kwisha.