Meno ya utoto yanaoza: je, tusubiri yang'oke yenyewe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 3. Meno yake ya juu ya mbele yameanza kuwa na rangi ya kahawia karibu na ufizi, na gego moja lina tundu. Hulala na chupa ya uji wa sukari, kwani bila hiyo hapati usingizi. Bibi yake anasema nisihangaike, kwa sababu hayo ni meno ya utoto na yatang'oka tu. Mdogo wake ana miezi 8 na meno mawili. Je, naye nianze kumpigisha mswaki?
Mama wa watoto wawili, Masasi, Mtwara

JIBU: Marahaba, mama. Ni kweli kwamba meno hayo yatang'oka, lakini hayang'oki yote kwa pamoja. Ya mbele huanza kutoka mtoto akifikia miaka 6 hivi, ilhali magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Gego hilo lenye tundu bado lina miaka mingi ya kutafuna na kulishikia nafasi jino la ukubwani. Likiachwa lioze, linaweza kutunga usaha. Na likilazimika kung'olewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo, na jino jipya huota limepinda.

Kwa maelezo yako, ninaishuku zaidi chupa ya usiku. Bakteria wa kinywani hutumia sukari na kutoa tindikali inayomung'unya jino. Mchana mate huipunguza nguvu tindikali hiyo, lakini mtoto akilala mate hupungua, na uji hubaki umegandia meno ya juu, wakati yale ya chini yamekingwa na ulimi. Sikuambii umnyime uji. Mpe jioni kwa kikombe, sukari ikiwa kidogo au isiwepo kabisa, kisha mpigishe mswaki, na baada ya hapo asipate kingine ila maji. Akililia chupa, zimua uji huo kidogo kidogo kila usiku mpaka yabaki maji matupu. Juisi ya mabibo nayo, msimu ukifika, anywe wakati wa chakula, si kuinywa kidogo kidogo kutwa nzima.

Mswaki ni mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane. Keti mkekani, umlaze kichwa mapajani pako, umfunue mdomo wa juu kwa kidole, kisha usugue taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Msimamie hivyo mpaka miaka 7 hivi, kwani kabla ya hapo mkono wake haujaweza kazi hiyo.

Usingoje maumivu. Mpeleke kliniki ya kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, ukipewa rufaa, kwa sababu tundu likiwahiwa huzibwa. Akivimba shavu au kupata homa pamoja na maumivu ya jino, mpeleke siku hiyo hiyo.

Huyo mdogo anza naye leo, kwa dawa isiyozidi punje ya mchele. Mfunue mdomo mara kwa mara kwenye mwanga wa jua: mstari mweupe usiong'aa kando ya ufizi ni dalili ya kwanza ya kuoza, na hatua hiyo bado huweza kurudishwa nyuma kwa floraidi. Hata usipouona, daktari wa meno amkague kabla hajatimiza mwaka 1.