Pawa saplai mbili, lakini seva bado inazimika: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Tuna seva tatu kwenye raki moja, kila moja ina pawa saplai mbili za wati 750. Juzi pawa saplai moja iliungua. Tulitegemea ya pili ishike, badala yake seva zote tatu zikazimika kwa mpigo. Kebo zote sita zimechomekwa kwenye PDU (kigawa umeme cha raki) moja ya ampea 16, nayo inapata umeme kutoka UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) moja ya 3000 VA. Tufanye nini hili lisijirudie?

JIBU: Kwamba zote tatu zilizimika pamoja, hapo ndipo pa kuanzia. Pawa saplai ya pili haikushindwa kazi; ilinyimwa umeme. Kapasita au transista za upande wa volti kubwa zikiungua, mara nyingi hupiga shoti. Fyuzi iliyomo ndani ya pawa saplai ndiyo inayotakiwa kukatika kwanza, ila mkondo wa shoti hupanda kwa kasi hata breka ya PDU ikakata papo hapo, au UPS ikajizima kujilinda. Tazama kumbukumbu za UPS na mkao wa breka, mtajua ipi ilitangulia. Vyovyote iwavyo, mlikuwa na pawa saplai sita zinazoning'inia kwenye breka moja.

Dawa ni kutenganisha njia mbili, A na B, zisikutane popote: pawa saplai ya kushoto ya kila seva iende PDU A na UPS A, ya kulia iende PDU B na UPS B, na kila UPS iwe na saketi yake hadi kwenye bodi ya umeme. Tumieni kebo za rangi mbili, tuseme nyekundu kwa A na bluu kwa B, ili atakayeongeza seva usiku asichomeke zote upande mmoja. Kama fedha ya UPS ya pili haijapatikana, upande B uchomekeni kwenye soketi ya ukutani ya saketi nyingine, ukipitia kinga ya kupanda kwa volti. Si kamili, lakini ni bora kuliko kutegemea UPS moja, kwa sababu UPS nayo huharibika.

Sasa hesabu ya mzigo, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Mtu anasoma ampea 9 kwenye PDU A na ampea 9 kwenye PDU B, breka zote ni za 16, anaridhika. Siku A inapokatika, B inabebeshwa ampea 18, zaidi ya breka yake, nayo inaweza kukata. Mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya breka, yaani 12.8 kwa breka ya 16. Kwa kuwa upande mmoja lazima uweze kubeba wote, kila upande usome 6.4 au chini yake siku za kawaida. Seva zenu zikitumia wati 450 kila moja, jumla ni 1350, karibu ampea 6 kwa volti 230. Mko salama, ilimradi kila UPS peke yake inaweza kutoa hizo wati 1350 kwa muda mnaouhitaji.

Hesabu hiyo hiyo ifanyeni ndani ya seva. Mkiongeza kadi za michoro na seva moja ikafika wati 900, pawa saplai ya 750 haitaweza kuishikilia peke yake. Kwenye seva nyingi, amri ya ipmitool dcmi power reading (ipmitool ni programu ya kusoma vipimo vya seva) inaonyesha wati zinazotumika. Ipimeni kazi ikiwa imepamba moto, si alfajiri.

Pawa saplai ikifa kimyakimya ni hatari zaidi kuliko inayolipuka. Taa ya rangi ya chungwa inawaka nyuma ya raki, hakuna apitaye huko, seva inaendelea kwa mguu mmoja hadi wa pili uvunjike. Amri ya ipmitool sdr type "Power Supply" ikionyesha Presence detected pekee, hali ni njema. Ikiongeza Power Supply AC lost, umeme haufiki: angalieni kebo, soketi na breka kabla ya kulaumu pawa saplai. Ikiongeza Failure detected, badilisheni. Wekeni ukaguzi huo ujiendeshe kila dakika 5 na utume ujumbe wa simu.

Kubadilisha hakuhitaji kuzima seva. Chomoa kebo ya ile mbovu, bonyeza kifungio, ivute, ingiza nyingine yenye namba ile ile ya kipuri hadi usikie kifungio kikilia, kisha rudisha kebo na usubiri taa ya kijani. Usichanganye wati tofauti. Seva nyingi huikataa au hutoa onyo. Weka moja ya akiba kabatini.

Betri za UPS za risasi hudumu miaka 3 hadi 5, na kila nyuzi 10 juu ya 25 za Selsiasi hupunguza umri huo karibu nusu. Zibadilisheni zote pamoja, maana moja iliyochoka huzivuta nyingine. Chagueni UPS inayotoa wimbi safi la sine, laini kama la umeme wa ukutani. Baadhi ya pawa saplai za kisasa hukwama zikipewa wimbi la ngazi.

Mkimaliza kupanga, thibitisheni. Kwa muda mliowatangazia watumiaji, na nakala za data zikiwa zimechukuliwa, zimeni PDU A kwa dakika 10, someni ampea za B, rudisheni, ngojeni taa zote ziwe kijani, ndipo mzime B. Rudieni kila baada ya miezi 6 na kila mnapoongeza seva.