Mkoba ni orijino, lakini si ule uliouzoea

Tangu nianze kuuza mikoba, wateja karibu wote huanza na swali moja: "Dada, hii orijino au feki?" Ni swali la haki, maana Dar imejaa mikoba ya kuigiza. Ila siku hizi halitoshi. Mkoba unaweza kuwa orijino kabisa, umetoka kwa mwenye chapa, una na risiti, na bado ukawa duni kuliko ule wa jina hilo hilo ulioubeba miaka kumi iliyopita. Mteja anaumia, anadhani muuzaji amemtapeli, kumbe uamuzi ulifanywa na wenye chapa wenyewe, kwa makusudi, na ukatangazwa kama habari njema.

Nina mteja, muuguzi mstaafu, ambaye binti yake anaishi Marekani. Kila baada ya muda binti humtumia mkoba wa chapa ile ile, na mama huubeba mpaka mpini ung'ae. Mwaka jana alikuja fremuni na mpya, ameufunga kwenye kanga. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Niangalizie huu. Nahisi mtoto kauziwa feki, na roho inaniuma kumwambia." Nikaukagua nje na ndani. Haukuwa feki. Lakini ngozi ilikuwa imebaki kwenye mpini na kwenye pembe tu, mwili mzima ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Bitana ilikuwa nyepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Vyuma vilivyokuwa vya shaba sasa vilikuwa vyepesi, vimepakwa rangi ya dhahabu. Chapa yenyewe siitaji. Nilimwambia mtoto hajadanganywa, na hajabana matumizi kwa mama yake. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Sasa mtu atajuaje?"

Kujua kunawezekana. Chukueni Coach, chapa ya mikoba ya Marekani ambayo nakutana nayo sana kwenye mabelo ya kutoka Marekani. Ilianza mwaka 1941 kama karakana ndogo ya ngozi Manhattan, New York. Miles Cahn, aliyekuja kuiendesha pamoja na mkewe Lillian, aliona jinsi ngozi ya glovu za besiboli inavyolainika na kupendeza kadiri inavyotumika, akataka ngozi ya tabia hiyo. Lillian ndiye aliyetoa wazo la mikoba ya kike. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakamleta mbunifu Bonnie Cashin, na kwake ndiko kulikotoka kile kifungo cha shaba cha kuzungusha. Mikoba mingi ya Coach ya zamani haina bitana kabisa. Ukiufungua unaona upande wa nyuma wa ngozi yenyewe, kwa hiyo fundi hakuwa na pa kuficha mshono mbaya. Ninaipata mpaka leo, ina umri kunishinda, na ukiisafisha inabebeka.

Mwaka 1985 akina Cahn waliiuza kampuni kwa Sara Lee, shirika lililojulikana zaidi kwa vyakula. Mwaka 2000 hisa zikaingia sokoni, na mwaka 2001 kikaja kile kitambaa chenye herufi C zilizopangwa kila mahali. Utengenezaji ukahamishiwa nchi nyingine, na maduka ya punguzo yakaongezeka. Kwa miaka mingi biashara ilikua sana, watu walivipenda vitambaa vile, na hakuna ubaya kuvipenda. Tatizo lilikuja pale punguzo lilipokuwa la kila siku. Mtu akiona mkoba unashushwa bei mwaka mzima, ataulipia bei kamili kwa nini? Na yule aliyeulipia bei kamili akiukuta nusu bei mwezi unaofuata, hujiona mjinga. Washindani kama Michael Kors na Kate Spade wakasogea. Mwaka 2014 Coach ikatangaza kufunga maduka yapatayo 70 Amerika Kaskazini na kupunguza ofa, na mwaka 2016 ikaamua kuondoka kwenye maduka makubwa ya watu wengine yapatayo 250. Stuart Vevers, mkurugenzi wa ubunifu aliyeajiriwa mwaka 2013, alirudi kwenye kazi za zamani za kampuni na kwenye ngozi ile ya mtindo wa glovu.

Hapo kuna somo la kwanza kwa mnunuzi: angalia nembo na ngozi kwa pamoja. Nembo ikikua huku ngozi inapungua, kampuni inahama kutoka kwenye ubora wake wa zamani. La pili ni maduka ya punguzo. Wengi wetu tunaamini mkoba wa duka la punguzo ulikosa mnunuzi kwenye duka kuu ndiyo maana umeshushwa. Mara nyingi sivyo. Bidhaa nyingi za maduka hayo hutengenezwa kwa ajili ya maduka hayo tangu mwanzo, kwa vifaa vya bei nafuu zaidi, na hazijawahi kukaa kwenye duka kuu hata siku moja. Kwenye mikoba ya Coach ya miaka ya 2000, ukisoma lebo ya ndani ukakuta herufi F mbele ya namba ya mtindo, ujue huo ulitengenezwa kwa ajili ya duka la punguzo. Ni orijino. Lakini usiulipie bei ya ule mwingine, na muuzaji asikupigie hesabu kwa bei iliyoandikwa kwenye kitiketi, kwa sababu huenda hakuna aliyewahi kuilipa.

Mulberry ya Uingereza ilienda njia ya kinyume, na ikawaudhi wateja vile vile. Ilianzishwa na Roger Saul mwaka 1971, kule Somerset, na hadi leo ina viwanda viwili huko huko. Mkoba wake wa Bayswater, wa mwaka 2003, ulikuwa ndoto ambayo mwanamke wa kazi ya kawaida aliweza kuitimiza akidunduliza. Ulikuwa ghali, lakini ulifikika. Mwaka 2012 akaja mkurugenzi mtendaji Bruno Guillon, kutoka Hermès, kampuni ya Ufaransa ya mikoba ya kifahari, akataka kuipandisha chapa ikae na wakubwa wa Paris. Bei zikapanda. Mbunifu Emma Hill, ambaye wateja waliipenda sana mikoba yake, akaondoka mwaka 2013. Wateja wa zamani wakabaki nje ya mlango, na matajiri wa Hermès hawakuona sababu ya kuhama. Kampuni ikaonya zaidi ya mara moja kwamba faida ingekuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na Guillon akaondoka Machi 2014. Ikarudisha mikoba ya bei ya chini, kama Tessie, iliyouzwa kuanzia karibu pauni 500. Miaka kumi baadaye, chini ya mkurugenzi mtendaji mwingine, Andrea Baldo, mpango mpya ulibeba ahadi ya kurudi kwenye roho ya Mulberry.

Na chapa ya Vera Bradley ya Indiana, Marekani, iliyoanza mwaka 1982 na mabegi ya pamba yenye maua, ilibadilisha nembo na sura yake mwaka 2024 ili ionekane ya kisasa zaidi. Waliolalamika ni wale wale walioipenda kwa maua yake.

Nimezitaja zote tatu kwa sababu moja. Coach ilishuka kwenda kwa wengi, Mulberry ikapanda kwenda kwa wachache, Vera Bradley ikabadilisha sura, na katika kila moja aliyeumia ni mteja aliyekuwa mwaminifu. Kwa hiyo ninapoona chapa imetangaza mkurugenzi mtendaji mpya au mkurugenzi wa ubunifu mpya, huwa naweka alama. Mikoba ya mtu mpya haifiki dukani siku hiyo. Huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka na zaidi. Huo ndio muda wako wa kuamua kwa utulivu kama kuna mtindo wa zamani ulioutaka kweli. Usikimbilie kununua mitatu kwa hofu kwamba haitapatikana tena. Itapatikana: mikoba iliyouzwa kwa maelfu hurudi sokoni kupitia mitumba na wauzaji wa mikononi kwa miaka mingi.

Kabla ya kulalamika, tenganisha ladha na ubora. Kuna wateja wanaonijia na hasira kwamba mkoba mpya ni mdogo, umekaa kama mto, una rangi za watoto. Hiyo ni ladha. Coach ya sasa na mkoba wake wa Tabby inawauzia wasichana walio na umri wa binti zangu, nao wanaupenda kwa dhati. Una haki ya kusikitika kwamba hawakutengenezei tena wewe, lakini kosa la utengenezaji hapo hakuna, na ukipeleka malalamiko ya namna hiyo utajibiwa kwa maneno matamu tu. Ubora ni kitu cha kushika kwa mkono, na huo unastahili kupiganiwa.

Anza pale mkanda unaposhikana na mwili wa mkoba, maana hapo ndipo uzito wote unapovutia. Mkanda uliopitishwa kwenye pete ya chuma ukashonwa mara mbili, au ukapigwa ribiti, utadumu. Uliobandikwa kwa gundi ukashonwa juu juu utang'oka ukiwa kwenye daladala. Kisha bonyeza ngozi kwa kidole: ngozi halisi hutoa mikunjo midogo isiyolingana, plastiki hudidimia na kurudi sawasawa. Tazama kingo. Zikiwa zimepakwa rangi nene inayovutika, pinda kidogo uone kama inapasuka. Pindua bitana uisome mishono yake, na soma lebo ya vifaa mpaka mwisho, si neno la kwanza tu, kwa sababu neno "ngozi" linaweza kuwa linahusu mpini peke yake.

Kwa sisi wa Pwani hili la vifaa ni zito kuliko kwa mtu wa New York. Ngozi bandia nyingi hupakwa poliyurethani, na plastiki hiyo huvunjwa polepole na unyevu wa hewa na joto. Mkoba ambao huko ungekaa miaka bila shida, hapa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa huanza kunata, kisha kubanduka magamba, hata kama umekaa kabatini bila kubebwa. Nimefungua mikoba ya bei kubwa ambayo nje ni ngozi nzuri lakini bitana ya ndani imegeuka kama gundi. Chapa inapohama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye vitambaa vya kupakwa, hali yetu ya hewa ndiyo inayolipa kwanza. Ndiyo maana siwashauri wateja wangu walipie bei ya ngozi kwa mkoba wa kupakwa, hata kama jina ni kubwa namna gani.

Ukichagua wa zamani, unuse kabla hujaulizia bei. Harufu ya ukungu iliyoingia kwenye ngozi haitoki kwa maneno ya muuzaji. Ingiza mkono mpaka kwenye pembe za ndani na mifukoni. Ikinata, uache. Mpini mkavu wenye nyufa ndogo utakatika. Lakini zipu mbovu au mshono uliofumuka usikutishe, fundi viatu mzuri atakushonea kwa mkono na uzi wa nta, na mara nyingi kazi yake itakuwa imara kuliko ya kiwandani. Nyumbani uuweke ndani ya foronya ya pamba, umejazwa karatasi au kitambaa kikuukuu, usiufunge kwenye nailoni, na uutoe upate hewa mara kwa mara, hasa msimu wa masika.

Kama mkoba mpya umeharibika kwa kosa la utengenezaji, andikia kampuni yenyewe. Piga picha ya mahali palipoharibika, ya lebo ya ndani na ya risiti, taja tarehe ya kununua na useme kwa sentensi mbili nini kimetokea. Muuzaji hana uwezo wa kurudisha ngozi iliyoondolewa. Na ninaamini malalamiko yana kazi, kwa kuwa Coach na Mulberry zote mbili zilirudi nyuma baada ya wateja kufunga pochi zao.

Sasa yule mama. Tulikaa pamoja tukamwandikia binti yake ujumbe, na ningependa wote wanaotumiwa mikoba kutoka nje wafanye hivyo, kwa sababu kumwambia ndugu jina la chapa peke yake ni kumwachia mwenye duka achague. Tulimpigia picha mkoba wa zamani mbele, nyuma, ndani na kwenye lebo yenye namba. Tukapima urefu wa mkanda kutoka begani mpaka kwenye mkoba, maana mama ana shida ya bega. Tukamwandikia atafute uliotumika wa mtindo huo huo, mwili wote ngozi, na kama una bitana basi iwe ya pamba, aombe muuzaji picha ya pembe nne za chini na ya ndani kabla ya kulipa, na asinunue kwenye duka la punguzo. Mwishoni mama akataka tuongeze kwamba huu mpya ameupokea kwa furaha na ataubebea kanisani.