Nusu kilo kwa watu tisa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: nusu kilo ya nyama unaipikaje ikawatosha wote nyumbani? Kwangu tuko tisa, na jibu langu ni sufuria moja ya nyama ya ng'ombe, maharage na makaroni.

Nilianza kuipika kwa sababu ya mtoto. Dada yangu alipofariki, wanawe wawili walihamia kwangu hapa Morogoro. Wiki ile ya kwanza nilipika wali kwa mchuzi wa nyama, nikagawa vipande viwili viwili. Yule mdogo, wa miaka sita, akawa anatazama sahani za wenzake moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anahesabu. Kisha akachukua kipande chake kimoja akamwekea mwanangu wa mwisho, akaniambia, "Mama mdogo, mimi nimeshiba." Hata kijiko alikuwa hajatia mdomoni. Usiku ule sikupata usingizi. Niliapa sitagawa tena chakula cha kuhesabika mbele ya mtoto anayejiona mgeni.

Basi bucha naomba steki, maana kwenye mchanganyiko mifupa inakula uzito, nami naikata ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Maharage makavu vikombe viwili nayaloweka tangu jioni. Asubuhi namwaga maji yale, natia mengine, na dakika 10 za kwanza yanachemka kwa nguvu kabla sijapunguza moto. Jambo hili msilipuuze: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovuruga tumbo vibaya, na moto mdogo peke yake hauimalizi. Magadi situmii. Yanalainisha upesi, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Na nyanya zisitangulie hata kidogo, kwa sababu uchachu wake unayafanya maharage yakatae kulainika. Nimeona watu wakimaliza mkaa huku wakimlaumu muuza maharage, kumbe nyanya ziliingia mapema.

Kwenye nyama ndipo ninapotaka mtulie. Ipanguse maji kwa kitambaa safi. Sufuria ipate moto, mafuta kidogo, kisha uikaange kwa mafungu matatu. Ukiimwaga yote kwa pamoja inatoa maji, inachemka, inabaki ya kijivu. Iache igeuke kahawia, na chini ya sufuria pakishika rangi usiogope. Itoe, ukaange vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, karoti ya kuparaza na hoho. Halafu mimina upawa mmoja wa maji ya maharage, ukwangue ile rangi yote kwa mwiko. Harufu inayopanda hapo inawafikia watoto hadi kwenye mwembe wa jirani. Nyanya, binzari nyembamba na chumvi vinafuata, nyama inarudi, unafunika mpaka ilainike kabisa. Maharage yaliyoiva yaingie sasa, na maji yake.

Makaroni, paketi ya nusu kilo, yanaingia mabichi kwenye mchuzi huohuo. Wengi huyachemsha pembeni na kumwaga maji, nami naona ni hasara: acha yanywe supu. Mchuzi uyazidi kwa kidole kimoja, ongeza maji ya moto ukipungua, koroga mara kwa mara yasishike chini. Epua yakiwa bado na ugumu kidogo, ufunike, joto litamalizia.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Kwake tambi na makaroni vilikuwa vitu vya sukari, nazi na iliki, na mara ya kwanza alikaa na sahani kwa muda mrefu bila kuigusa. Siku hizi anaikamulia ndimu na kuuliza kama imebaki ya kesho. Hubaki, na kesho yake huwa nzito zaidi na tamu zaidi, ukiipasha na maji kidogo.

Yule mtoto sasa ana miaka tisa. Kila mmoja anajipakulia, na nyama imetapakaa kila mahali, hakuna awezaye kusema hii yangu, ile yako. Jumapili iliyopita alirudi sufuriani mara ya tatu, akachota, akaketi, akala bila kumtazama mtu.